Kimelea cha kichocho huogeleaje?

Konokono wa ziwani mwenye maambukizi ya kichocho huachia majini vimelea viitwavyo serikaria, hasa mchana jua likiwa kali. Serikaria hafiki milimita 1. Ana kichwa, mkia, na ncha ya mkia iliyogawanyika panda mbili. Tangu atoke kwa konokono hali chochote. Akiba yake ni glaikojeni, yaani sukari ya akiba mwilini, aliyotoka nayo, na ikiisha kabla hajapata ngozi ya mtu, anakufa.

Kuogelea kwa kiumbe mdogo hivyo hakufanani na kwetu. Mtu akipiga mbizi, msukumo humbeba hata akiacha kupiga mikono. Kipimo cha jambo hili ni nambari ya Reynolds, iliyotokana na majaribio ya Osborne Reynolds kule Manchester mwaka 1883: hulinganisha inesha, yaani tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake, na mnato wa maji, yaani uzito wake unaozuia mwendo. Kwa mtu anayeogelea hupita maelfu mengi. Kwa serikaria ni karibu na 1 au chini yake, na kwa bakteria ni kama sehemu 1 ya 100,000. Bakteria akiacha kuzungusha mikia yake husimama kabla hajasogea hata upana wa atomu moja. Kwake maji ni kama asali nzito.

Hapo ndipo penye utamu wa fizikia hii. Mwaka 1977 Edward Purcell, mwanafizikia wa Marekani, alieleza kwa mfano wa kombe, kiumbe wa baharini mwenye magamba mawili, ambaye hufungua magamba yake taratibu kisha huyafunga kwa kasi na kujisukuma. Mfanye mdogo kama bakteria, na hatakwenda popote: alichopata akifunga hukipoteza akifungua, hata abadilishe kasi vipi. Mwendo wa kwenda na kurudi kwa njia ileile hauzai kitu. Ndiyo maana bakteria huzungusha mikia kama parafujo.

Serikaria hana parafujo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika kazi iliyochapishwa 2017, walionyesha kwamba anapopanda juu huogelea mkia ukitangulia, panda zake zikiwa zimetanuka kama herufi T. Viungo vyake hupinda na kurudi kama springi, wala havikukaza wala kulegea kupita kiasi. Kwa sababu hiyo pigo la kwenda halifanani na la kurudi, naye hupata mwendo kwa gharama ndogo. Akipumzika, huzama taratibu.

Pamoja na ubanifu huo wote, akiba haimfikishi mbali: siku moja, mbili kwa bahati. Kwa hiyo maji ya ziwa yakikaa siku 2 kamili kwenye pipa lisilo na konokono, yanafaa kuogea na kufulia. Kujifuta taulo haraka baada ya kutoka ziwani si kinga ya kutegemea. Ya kunywa yachemsheni vilevile, maana vimelea vya kipindupindu na taifodi havina haraka ya kufa.