Saa ya Mwili Hurekebishwa Asubuhi

Wagonjwa wangu wa kukosa usingizi huja na habari za usiku: nimepanda kitandani saa 3, nimegeuka weee mpaka saa 9. Mimi huwauliza habari za asubuhi. Unaamka saa ngapi? Na siku ambayo huna kazi? Hapo ndipo mengi hujitokeza, kwa sababu aliyekesha hujifidia kwa kulala mpaka jua limepanda, na usiku unaofuata anakesha tena.

Usiku mmoja mbaya si ugonjwa. Tatizo tunaliita sugu likijirudia angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3, na mchana likamharibia mtu shughuli zake.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapokutana, kuna vifundo viwili vidogo vyenye jumla ya seli kama 20,000. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Kwa watu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika chache, kwa hiyo isiposahihishwa huchelewa kila siku. Msahihishaji mkuu ni mwanga. Kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, zipo seli zenye melanopsini (protini inayohisi mwanga) ambazo hazishughuliki sana na sura za vitu. Kazi yake ni kuiarifu saa hiyo kama kumekucha, na huamshwa zaidi na mwanga wa buluu.

Lakini mwanga uleule unaweza kuiwahisha saa au kuichelewesha. Joto la mwili hufika chini kabisa saa 2 hadi 3 hivi kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga unaokuja kabla ya hapo huichelewesha saa. Unaokuja baada ya hapo huiwahisha. Mtu aliyezoea kuamka saa 1 asubuhi akishtuka saa 8 usiku, akawasha taa na kushika simu, anajisogeza mbali zaidi na usingizi wa kesho. Akitoka nje saa 1 na nusu asubuhi, anauvuta karibu.

Ndiyo maana anayelala alfajiri na kuamka saa 6 mchana simwambii aanze ghafla kuota jua saa 12 asubuhi. Kwa mwili wake huo bado ni usiku, na mwanga utamchelewesha. Tunaanzia pale anapoamka sasa, kisha tunawahisha kengele kidogo kidogo, nusu saa hivi kila baada ya siku kadhaa, na mwanga unafuata kengele.

Wengi hudai sebuleni kwao kuna mwanga wa kutosha. Jicho linadanganya, maana hujizoesha haraka. Taa za ndani kwa kawaida hutoa laksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje, hata kukiwa na mawingu, mara nyingi ni maelfu. Nusu saa ya kutembea nje inatosha kwa kuanzia, na hakuna haja ya kulikodolea jua macho.

Saa pekee haileti usingizi. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kukuletea uzito wa kulala. Kulala jioni huupunguza uzito huo. Kafeini ya kahawa na chai nayo huuficha: muda wa saa 5 hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake bado imo mwilini. Anayepata usingizi wa jumla ya saa 5 na nusu lakini anakaa kitandani kwa muda wa saa 9 nampunguzia muda wa kitandani kwanza ili uzito huo ujikusanye, tena kwa uangalizi, maana siku za mwanzo atasinzia mchana. Dereva, mwenye kifafa au mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) asijaribu hili peke yake.

Vidonge vya melatonini, homoni ya usiku? Vinasaidia kuisogeza saa, ila si dawa ya kumwangusha mtu. Mwili wenyewe huanza kuitoa melatonini muda wa saa 2 hivi kabla ya kulala, kwa hiyo kumeza kidonge ukiwa umeshazima taa ni kuchelewa. Muulize daktari wako kipimo na muda.

Na kuna ambao sianzi nao na saa kabisa: anayekoroma huku pumzi ikikatika, au ambaye miguu humsumbua akijilaza mpaka lazima aichezeshe. Huyo hupimwa kwanza.