Je, wajua kwa nini tovuti za ukoo zinakupa siku 14 bure halafu zinataka kadi yako ya benki?

Kuna kaka mmoja tumekua naye mtaa mmoja pale Tanga, siku hizi yuko Birmingham na mkewe ni Mwingereza. Binti yao wa miaka tisa akapewa homuweki shuleni achore mti wa ukoo mpaka kwa mababu wa mababu, basi jamaa akanipigia usiku anauliza, hivi hizi tovuti zinazojitangaza "siku 14 bure" ni bure kweli au ni mtego, mbona sijaona hata jina moja tayari wanataka namba ya kadi? Siku ile nilimjibu harakaharaka ila swali limenikaa kichwani, maana natumia hizi tovuti miaka kadhaa sasa na naona wengine wanakatwa hela bila kutegemea na wengine wanaogopa kabisa kuingia wanakosa vitu vya maana vya familia zao. Ngoja nieleze taratibu.

Tunaongelea tovuti kama Ancestry ya Marekani, MyHeritage ya Israel na Findmypast ya Uingereza. Humo ndani kuna sensa za zamani, vitabu vya ubatizo na ndoa, orodha za abiria wa meli, mafaili ya askari, magazeti, yaani mabilioni ya majina. Ila sehemu kubwa ya zile karatasi si mali yao. Ni za serikali, za makanisa, za hifadhi za nyaraka. Wao wanachokuuzia ni njia ya kuzifikia, kwamba wewe unaandika jina la babu yako hapa na karatasi inatokea pale, badala ya kupanda treni ukafunue vitabu vyenye vumbi kimoja kimoja.

Na hiyo njia ina gharama kweli, tusiwaonee. Chukua sensa ya England na Wales iliyofanyika Jumapili ya tarehe 19 Juni 1921. Iliwekwa kabatini miaka 100 kulinda siri za watu, ikafunguliwa Januari 2022. Ni zaidi ya majalada 30,000 yenye habari za watu karibu milioni 38, na hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza iliwapa Findmypast kazi ya kuyaskani na kuyachapa upya, wakakaa karibu miaka mitatu wanafungua karatasi moja moja, wanasafisha, wanapiga picha, halafu watu wanasoma mwandiko wa mkono wa kila baba mwenye nyumba na kuuingiza kwenye kompyuta. Ilipofunguliwa walitoza pauni 2.50 kwa kila nyumba ukitaka maandishi yaliyochapwa na pauni 3.50 ukitaka kuona picha ya fomu yenyewe, hata kama ulikuwa tayari unalipia kifurushi chao! Watu walilalamika sana. Lakini siku hiyohiyo ukienda mwenyewe kwenye jengo la hiyo hifadhi ya nyaraka pale Kew, London, au maktaba kuu ya Manchester, ulikuwa unaiona bure kabisa. Hapo ndo utaelewa vizuri, karatasi ni ileile, unacholipia ni kuiona ukiwa kwako.

(Na kwa nini ile ya 1921 waliing'ang'ania vile, ni kwa sababu ya 1931 iliungua yote kwa moto Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita. Kwa hiyo inayofuata ni ya 1951 na hiyo mpaka 2052.)

Sasa tukija kwenye bure. Gharama yote ya hii biashara iko mbele, kwenye kuskani na kuchapa. Picha ikishakuwa kwenye kompyuta zao, mtu mmoja akiitazama au watu laki moja wakiitazama tofauti kwao ni ndogo mno. Ndo maana kukupa siku 14 hakuwaumizi, wanachokupa kilishalipiwa zamani. Na wanajua kitu kimoja kuhusu mtu anayetafuta ukoo wake, siku mbili za kwanza ni mvua. Unaandika jina la bibi, Ancestry wanakuwekea kijani kidogo kama jani la mti pembeni ya jina, maana yake kuna kitu kimepatikana, unabonyeza unakuta cheti cha ndoa, kwenye cheti kuna jina la baba yake, unaliweka na lenyewe linaota jani, unabonyeza tena, ukija kushtuka ni saa tisa usiku. Yule mke wa kaka, mtu ambaye hajawahi kuonyesha hamu na mambo ya ukoo, siku ya pili alikuwa ameshafika sensa ya 1841, ambayo ndo ya kwanza kwao kuandika majina nchi nzima.

Halafu kuanzia siku ya tatu au ya nne mambo yanakuwa magumu, majina yanagongana, kuna akina John Smith kumi wilaya moja, na hapo mti wako tayari una watu sitini umeujenga kwa mikono yako. Siku 14 zikiisha mti unabaki, wanakuachia, ila zile karatasi ulizozibandika kwenye kila jina zinafungwa mpaka ulipie. Kuuacha unaona uchungu. Mimi naona hiki ndicho kinachowaingizia hela kuliko ujanja mwingine wowote, kwa sababu ni kazi yako mwenyewe na ni watu wako mwenyewe. Mwaka 2020 kampuni ya Blackstone iliinunua Ancestry kwa dola bilioni 4.7, na kilichopandisha bei ni wale wateja zaidi ya milioni 3 wanaolipa kila tarehe ya malipo inapofika.

Na kadi? Kadi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia mtu mmoja asifungue akaunti mpya kila wiki mbili kwa barua pepe tofauti. Ya pili ni kwamba siku ya 14 ikipita, kifurushi kinaanza chenyewe, hakuna mtu atakuuliza tena, ulishakubali siku ya kwanza pale ulipoweka tiki. Ukisahau, umelipa. Mimi yalinikuta na tovuti moja miaka ya nyuma, wakakata hela ya mwaka mzima siyo ya mwezi, maana nilipojiunga kisanduku cha mwaka kilikuwa kimeshachaguliwa na mimi sikusoma. Siku hizi nikijiunga tu naingia palepale kwenye mipangilio ya akaunti nazima kile kifurushi kujihuisha chenyewe. Kwenye tovuti nyingi ukizima mapema bado unaendelea kutumia siku zako zote zilizobaki, ila si zote, kwa hiyo soma kwanza masharti yao yanasemaje, na kama unaogopa kuzima siku ya kwanza basi weka alamu siku ya 11 na siyo ya 14, wenyewe wanakushauri usingoje dakika za mwisho na saa yao siyo saa ya huku kwetu. Wenye kadi ya virtual ya kwenye simu mna ahueni, unaweka hela unayotaka ikatwe na basi.

Kabla hujaanza hizo siku 14 lakini, pitia kwanza FamilySearch. Hiyo ni bure siku zote, haitaki kadi, akaunti tu. Inaendeshwa na kanisa la Wamormoni, ambao dini yao inawafundisha kuwabatizia mababu waliokwishafariki, na huwezi kumbatizia mtu usiyemjua jina, kwa hiyo walianza kupiga picha vitabu vya dunia nzima kwenye filamu ndogo tangu 1938. Filamu milioni 2.4, nakala mama zinatunzwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, na 2021 walimaliza kuziingiza zote kwenye kompyuta. Kingine, mwezi wa 11 karibu na siku ya kuwakumbuka askari, Findmypast na Ancestry huwa wanafungua kumbukumbu za kijeshi bure siku chache. Vizia hapo.

Nirudi kwa yule binti. Upande wa mama mti ulijaa mpaka karatasi ikawa haitoshi. Upande wa baba, majina matatu. Mtoto akauliza, kwani sisi wa Tanga hatukuwepo? Hili swali liliniuma. Tulikuwepo jamani, ila serikali ya kikoloni ilituhesabu kama idadi tu na haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha vizazi na vifo. Hata wale wapagazi wa vita ya kwanza, Carrier Corps, ambao Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimepata jina kwao, walikufa kwa makumi ya maelfu na wengi hawana kaburi wala jina lililoandikwa popote, na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri hilo kwenye ripoti yake ya 2021. Kwa hiyo ukilipia kifurushi ukitegemea kukuta babu yako wa Handeni kama Mwingereza anavyomkuta wake, utaumia bure.

Ila kuna mlango. Waingereza waliandika abiria walioshuka bandarini kwao kwa meli za safari ndefu, na orodha za 1878 hadi 1960 ziko Ancestry. Nikamwambia kaka, wewe usianze hata siku 14 za kwako, mpigie kwanza bibi. Bibi akatuma voisi ya dakika kumi na moja, katikati akasema marehemu babu alikwenda London kusoma na meli "yenye jina la Uganda". Hapo ndo tukaanza hizo siku. Tulitafuta kwa jina tukakosa, tukaweka nyota mahali pa herufi tusizo na uhakika nazo, maana karani wa Kizungu Juma anaweza kumwandika Jooma, na ikatoka. Mstari mmoja tu wa taipureta, bandari aliyopandia Tanga, umri 24, kazi mwanafunzi, na safu ya pembeni ina anwani aliyokuwa anaelekea, namba ya nyumba na mtaa wa London. Kaka akaiandika kwenye ramani ya simu, nyumba ipo mpaka leo. Binti akaichora kwenye homuweki, upande wa baba, na mlango akaupaka rangi ya bluu kama ulivyoonekana kwenye picha.