Kuongeza majani ya springi si dawa ya njia mbovu

Malindi, hasa kwa madereva wanaopanda Marafa au kwenda mashamba ya chumvi ya Gongoni, utasikia: "Ongeza majani mawili, gari litapita popote." Si kweli. Majani ya ziada, yaani vipande bapa vya chuma vinavyopangwa pamoja kuwa springi, hubeba mzigo mzito, lakini huifanya springi kuwa ngumu. Kwenye mashimo, springi ngumu haikunjuki vya kutosha. Gurudumu moja huning'inia hewani na kuzunguka bure, huku gari likikwama.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani springi hubeba uzito tu. Ndiyo inayoshika akseli, yaani mhimili wa magurudumu, mahali pake. Bolti ya katikati, inayofunga majani pamoja, hukaa ndani ya tundu la kikalio cha akseli, pale springi inapokaa, na tundu hilo ndilo linaloamua magurudumu yakae wapi. Kwenye springi nyingi bolti hiyo haiko katikati hasa: upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Ukiifunga kinyume, akseli husogea mbele au nyuma, matairi yanagusa bodi, na propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye akseli, hubanwa au huvutika kupita kiasi.

Kwa hiyo kabla ya kukaza yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye akseli, pima kutoka sehemu isiyosogea ya chesisi hadi katikati ya akseli, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, gari litaenda upande. Yubolti ziwe mpya, zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kisha zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Na huku kwenye chumvi, kagua kutu kati ya majani. Huko ndiko yanakoanzia kupasuka.