Si Marekani iliyodai kuwapeleka nyota wa NBA Olimpiki

Hadithi hii imezoeleka: Marekani ilipofungwa 82–76 na Wasovieti kwenye nusu fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, ikakasirika, ikashinikiza ibadilishwe sheria iliyowazuia wachezaji wa NBA, ligi yake ya kulipwa, na mwaka 1992 ikapeleka Barcelona kikosi cha Michael Jordan, Magic Johnson na Larry Bird. Kipigo ni cha kweli. Shinikizo ndilo halikuwapo.

Kura ya kuibadilisha sheria hiyo ilipigwa Munich, Aprili 1989, kwenye mkutano wa FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu. Waliokubali walikuwa 56, waliokataa 13, na miongoni mwa hao 13 ilikuwamo Marekani yenyewe! Aliyekuwa akiisukuma hoja hiyo kwa miaka mingi ni Boris Stanković, Myugoslavia, katibu mkuu wa FIBA.

Kanuni ya zamani ilikuwa kichekesho. Iliwafungia wachezaji wa NBA tu. Mbrazili Oscar Schmidt alikuwa akilipwa na klabu ya Caserta nchini Italia, lakini timu ya taifa aliichezea bila kuulizwa. Mwaka 1984 New Jersey Nets, timu ya NBA, walimchagua, akakataa kwenda, maana angekwenda ndipo angefungiwa. Miaka mitatu baadaye, kwenye fainali ya Michezo ya Pan-American mjini Indianapolis, aliwatia Wamarekani pointi 46 nyumbani kwao. Brazil ilishinda 120–115, dhidi ya vijana wa vyuo.

Huko Barcelona, Angola ndiyo iliyofungua dimba na kikosi kipya cha Marekani, ikafungwa 116–48.