Vituo viwili vya chini ya ardhi vikikaribiana: kuunganisha, kufunga au kuacha?

Mbeya hatuna reli ya mjini ya chini ya ardhi. Mahandaki tunayoyajua huku Nyanda za Juu Kusini ni ya TAZARA, kati ya Mlimba na Makambako, na yalichimbwa ili treni ipenye milima. Lakini ubishi wa vituo kukaribiana tunao. Kila barabara kuu inapozungumziwa, swali ni lilelile: Mafiati, Kabwe na Mwanjelwa pawe na vituo vingapi, na abiria wa kutoka Uyole abadilishie gari wapi? Miji mikubwa imelijibu swali hilo kwa zege chini ya ardhi, mahali ambapo kosa halifutiki kirahisi, na majibu yake yanapimika.

Tuanze na treni yenyewe. Chukua treni ambayo mwendo wake wa juu ni km 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, na ambayo kila sekunde huongeza au hupunguza mita 1 kwa sekunde. Ili isimame inahitaji sekunde 20 na mita 200, na ikiondoka inahitaji kiasi hichohicho kurudia mwendo wake. Mita hizo 400 ingezipita kwa sekunde 20 tu kama isingesimama. Ongeza sekunde 30 za milango kuwa wazi, utaona kila kituo kinakula sekunde 50. Vituo sita vya ziada ni dakika 5 kwa kila aliyemo ndani, akiwemo anayepita tu kwenda pembezoni mwa mji. Paris, ambako metro ilianza mwaka 1900 ikiwa na vituo vya kila nusu kilomita hivi, ilipofungua njia ya 14 mwaka 1998 iliviweka vituo mbali zaidi.

London kuna mfano uliokithiri: Leicester Square na Covent Garden kwenye njia ya Piccadilly, mita 260 hivi. Kwa hesabu yetu, treni ingefika km 58 kwa saa katikati ya safari kisha ianze kufunga breki. Abiria naye? Mtu mzima hutembea kama mita 75 kwa dakika, kwa hiyo kwa barabarani ni dakika tatu na nusu, ukiacha muda wa kuvuka. Kwa chini anateremka, anangoja treni, anasafiri chini ya dakika moja, halafu anakutana na foleni ya lifti, kwani Covent Garden watu hutolewa kwa lifti. Asiyetaka kungoja kuna ngazi 193 za mzunguko, na akifika juu atakuwa anahema. Aliye tayari barabarani, atembee.

Hapo wengi hukimbilia kusema kimoja kifungwe. Mimi huanza kwa kuhesabu watu wanaotoka. Ngazi moja ya umeme hupangiwa watu 100 hivi kwa dakika. Treni ikishusha watu 300 kwenye kituo chenye ngazi moja ya kutokea, jukwaa linahitaji dakika 3 kuisha watu. Treni zikija kila baada ya dakika 2, wa treni ya pili wanawakuta wa kwanza bado wako chini, wa tatu wanakuta umati, na wafanyakazi wanalazimika kufunga mageti ya juu ili watu wasiongezeke. Kabla ya kufunga kituo, basi, ongeza abiria wake kwenye ngazi za jirani. Zikizidiwa, kituo hicho ni pumzi ya mwenzake, kiache. London ilifunga vituo vya Down Street mwaka 1932 na Brompton Road mwaka 1934, na hivyo vilikuwa na abiria wachache. Ni jambo tofauti kabisa.

Kuunganisha ndiko kunakohitaji umakini zaidi, maana ramani hudanganya. Linganisha kazi mbili za London. Njia ya Central ilikuwa na kituo cha British Museum tangu mwaka 1900, na njia ya Piccadilly ikapata Holborn jirani mwaka 1906. Kwa miaka 27 abiria wa kubadilisha alitoka nje na kutembea barabarani. Mwaka 1933 wakajenga majukwaa mapya ya Central palepale Holborn na kukifunga British Museum. Jukwaa lilimfuata abiria.

Charing Cross walifanya vingine. Mwaka 1979, njia ya Jubilee ilipofunguliwa, vituo vya Trafalgar Square na Strand viliungwa vikawa kimoja. Kwenye ramani ni alama moja, lakini kutoka njia ya Bakerloo kwenda njia ya Northern ni mwendo mrefu wa miguu ndani ya ujia. Kituo kinachofuata, Embankment, kinahudumiwa na njia hizohizo mbili, na kubadilishia huko ni kufupi zaidi. Mgeni anayefuata ramani anateseka bure.

Ujia nao una kipimo chake: kwa kila mita ya upana hupangiwa watu 50 kwa dakika wakienda upande mmoja, na 40 wakipishana. Mahali pa hatari ni pale ngazi ya umeme inapoishia. Ukiweka kona, geti au ubao wa ramani hapo, anayesimama kusoma anasukumwa na wanaoletwa na mashine isiyongoja mtu. Paachwe wazi.

Pale ambapo ujia ungekuwa mrefu kuliko barabara, nashauri wasichimbe. London hutumia njia nafuu: kwa baadhi ya vituo, abiria anatoka getini, anatembea nje, anaingia kituo kingine, na kadi yake ya nauli inahesabu safari moja ilimradi hajapitisha muda uliowekwa. Hapo huweza kuharibika vitu viwili. Muda ukipimwa kwa mwendo wa kijana asiye na mzigo, mama mwenye mtoto mgongoni anatozwa nauli mara mbili. Na mabango yakiishia mlangoni, abiria anabaki barabarani akiuliza wapita njia. Muda upimwe kwa mtembeaji wa polepole, saa ya msongamano, na bango la mwisho liwe mbele ya mlango wa kituo cha pili.