"Nasubiri Woga Uishe Kwanza" na Dhana Nyingine Zinazowakwamisha Watu

Mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, aliyebeba mizigo misimu sita, anayeijua njia ya kupandia ya Machame hata usiku wa giza, hataki kwenda kwenye usaili wa uongozaji watalii. Dada wa Kiboriloni, Moshi, ana mtaji wa duka, lakini fremu haikodi. Fundi anayeishi mtaa wa Majengo ameitwa kazini Arusha, na barua bado iko mfukoni. Waulize sababu, jibu ni moja: "Nasubiri woga uishe kwanza, halafu nitaanza."

Jamani, woga hunenepa kwa kusubiriwa. Ukiahirisha tu, moyo unatulia papo hapo, na ubongo unajifunza kwamba nafuu imeletwa na kukimbia. Safari ijayo utakimbia mapema zaidi.

Kinachoupunguza ni kuukaribia ngazi kwa ngazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1924 huko Marekani, mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimtibu mtoto aliyeogopa sungura kwa kumsogeza mnyama huyo kidogo kidogo wakati mtoto anakula, mpaka akamgusa.

Chukua daftari, siyo simu, maana simu utaishia kuangalia picha za watu. Andika mambo nane hadi kumi unayoyaogopa katika jambo hilo, kila moja ulipe alama ya woga kati ya 0 na 100. Kwa mgumu wetu: kumsalimu mgeni kwa Kiingereza kambini, 30. Kumweleza habari za senesio, ile mimea mikubwa ya mlimani, kwa sentensi tatu, 50. Kujibu maswali yake bila kumgeukia kiongozi, 65. Kuhojiwa na watu watatu mezani, 90. Anza na lenye 30 au 40, ulirudie kila siku inapowezekana. Ukifanya mara moja kwa mwezi, kila mara utakuwa mgeni.

Kabla ya kila zoezi andika mstari mmoja: unadhani kitatokea nini? "Watanicheka." Ukirudi, andika kilichotokea. Mstari huu ndio wengi wanauruka, na wakiuruka wanafanikiwa halafu wanasema walibahatisha. Alama ikishuka kufika nusu, panda ngazi inayofuata. Na usiondoke moyo ukiwa kileleni. Woga hupanda kwanza ndipo ushuke; ukitoka unapopanda, umejifundisha kutoroka.

Magongo ya kuegemea nayo yanaharibu: maelezo ya kukariri neno kwa neno, rafiki wa kukusemea, kikombe cha mbege, pombe ya ndizi, cha kutia moyo. Ukifaulu, sifa anapewa mbege.

Sasa dhana nyingine. "Jitose tu, utazoea." Wachache huweza. Wengi hutoka mbio katikati, na woga hurudi mkubwa kuliko ulivyokuwa. Ajabu ni kwamba wanaotoa ushauri huu ni watu wa mlimani, ambao wao wenyewe huwapitisha wageni kwenye mwamba wa Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha wakawashusha kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee.

"Moyo unaenda mbio, maana yake siwezi." Hiyo ni adrenalini, kemikali ya mwili ya kujiweka tayari, hata mchezaji anayo kabla ya filimbi. Ila kifua kikibana unapopanda kilima, au maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, nenda hospitali kwanza.

"Vuta pumzi nyingi." Ukivuta nyingi kwa haraka, hewa ya kaboni dioksaidi hupungua kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota, nawe unaamini unakufa. Ingiza puani ukihesabu hadi 4, toa taratibu hadi 6, dakika mbili, ukiwa bado nje ya mlango. Ukishaingia, acha kuhesabu, usije ukaigeuza nayo kuwa gongo la kuegemea.

"Kila woga lazima ushindwe." Hapana. Mtu akikuahidi kazi Arabuni na kudai umtumie kwanza "hela ya fomu", tumbo likakukaza, hapo hakuna daftari wala alama. Usitume.