Uzazi unashuka, mbona bado tunaongezeka? Dhana potofu kuhusu idadi ya watu karne hii

Dhana: Uzazi ukishuka, idadi ya watu inaacha kupanda.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Nikionyesha kwamba uzazi Tanzania umeshuka hadi watoto 4.8 kwa mwanamke katika utafiti wa 2022, kutoka zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakosekani wa kunyoosha mkono: "Sasa mbona sensa inasema tumeongezeka?" Ni kweli, tulikuwa milioni 44.9 mwaka 2012, tukafika milioni 61.7 mwaka 2022. Na namba zote hizo ziko sawa.

Hebu chukua karatasi. Mama ana watoto sita, watatu wa kike. Mabinti hao wakaamua kuzaa wanne wanne. Uzazi umepungua kwa theluthi nzima, lakini wajukuu ni 12. Wameongezeka wanaozaa, hata kama kila mmoja anazaa wachache kuliko mama yake. Sasa zidisha hilo kwa nchi ambayo nusu ya watu wake hawajafika hata miaka 20. Mwanamke atakayekuwa na miaka 25 mwaka 2050 alizaliwa 2025. Kwake hatukisii chochote, tunahesabu tu. Ndiyo maana kila afisa mipango anayeniuliza madarasa mangapi yajengwe namwambia afungue piramidi ya umri kwanza (mchoro unaoonyesha watu wangapi wako kila rika), kiwango cha uzazi baadaye. Nimelisema hadi koo linakauka.

Dhana: Binadamu wataongezeka bila kikomo.

Katika miaka ya 1960 dunia ilikua kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Leo haifikishi hata 1. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanaweka kilele katikati ya miaka ya 2080, watu takriban bilioni 10.3, kisha idadi ianze kupungua taratibu. Korea Kusini ilifika watoto 0.72 kwa mwanamke mwaka 2023. Wenzetu kule wanafunga shule kwa kukosa wanafunzi.

Dhana: Zamani watu walikufa wakiwa na miaka 30.

Huo ni wastani, jamani! Vifo vya watoto wachanga ndivyo vilivyouvuta chini. Aliyevuka utoto aliweza kabisa kufika 60. Mabibi na mababu walikuwepo.

Dhana: Makadirio ni ramli tu.

Mwaka 1958 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2000 dunia ingekuwa na watu kama bilioni 6.3. Tulikuwa bilioni 6.1 na ushee. Si haba. Ila kila mstari kwenye grafu una masharti yake, na uzazi ukibadilika kidogo tu, miaka 70 mbele tofauti ni mabilioni. Kwa hiyo anayeniomba namba moja ya mwaka 2100 nampa tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Akitaka nifute mbili, namrudishia faili lake.